Kwa nini sili za oili za injini hushindwa kuhimili baridi kali

Kila ifikapo Januari, wakati halijoto katika miji ya Winnipeg na Edmonton nchini Canada inaposhuka hadi nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri, gereji za huko hupokea magari yenye ugonjwa mmoja: injini ambayo jana haikuvuja hata tone, leo imemwaga sehemu kubwa ya oili yake barabarani katika safari ya dakika chache.

Mwenye gari huona taa nyekundu ya oili ikiwaka kwenye dashibodi. Akizima injini papo hapo, hasara yake huishia kwenye sili mpya na malipo ya fundi. Akijipa moyo kwamba nyumbani si mbali, beringi za krenkishafti huanza kusagana chuma kwa chuma, na tatizo la kipande cha mpira cha bei ndogo hugeuka kuwa tatizo la injini nzima.

Linalowashangaza wengi ni kwamba gari hilohilo, likisha kufungwa sili mpya, huweza kurudi gereji na ugonjwa uleule kabla majira ya baridi hayajakwisha. Hutokea hivyo kwa sababu mara nyingi sili iliyong'oka haikuwa chanzo cha tatizo, bali mahali ambapo tatizo lilipata upenyo wa kutokea.

Suala hili si geni kwa Watanzania, Wakenya, Warundi na Wakongomani wanaoishi Minnesota, Alberta, Norway au Finland. Wengi wao hununua gari lao la kwanza la nchi ya baridi wakiwa na uzoefu wa udereva walioupata Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, ambako hakuna anayewahi kufikiria kwamba hewa inayotoka ndani ya injini inaweza kuganda.

Kipande kidogo, kazi kubwa

Krenkishafti ndiyo mhimili mkuu wa injini, unaogeuza mwendo wa pistoni wa kupanda na kushuka kuwa mwendo wa kuzunguka. Ncha zake mbili hutokeza nje ya bloku: ya mbele huzungusha puli na mikanda, na ya nyuma hushika flaiwili inayopeleka nguvu kwenye giaboksi. Kila mahali ambapo shafti inayozunguka inapita kwenye ukuta wa injini, panahitajika kitu cha kuizuia oili isiifuate nje. Kitu hicho ndicho sili.

Sili ya kawaida ni pete ya chuma iliyovikwa mpira, yenye mdomo mwembamba unaoigusa shafti. Mgongoni mwa mdomo huo kuna springi ndogo ya mviringo inayoubana usilegee. Sehemu ya mdomo inayogusana na chuma ina upana wa sehemu ndogo tu ya milimita moja, na shafti huzunguka juu yake mara 800 kwa dakika injini ikiwa imetulia, na mara 6,000 dereva anapokanyaga mafuta.

Hata hivyo, mdomo huo haugusi chuma kikavu. Kati ya mpira na shafti kuna utando wa oili mwembamba mno, na mdomo wenyewe, kwa jinsi ulivyochongwa, huisukuma oili hiyo kidogo kidogo irudi ndani. Kwa hiyo sili inayofanya kazi vizuri ni zaidi ya kizibo. Ni pampu ndogo. Pampu hiyo hufanya kazi kwa sharti moja: mpira uwe laini kiasi cha kufuata kila mtikisiko wa shafti.

Magari ya kale yalizibwa kwa ngozi, kamba na vitambaa. Katika miaka ya 1930, Walther Simmer, mhandisi mwenye asili ya Austria aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya ngozi ya Freudenberg mjini Weinheim, Ujerumani, alibuni pete ya kuzibia yenye springi. Mwanzoni mdomo wake ulikuwa wa ngozi, baadaye ukawa wa mpira wa viwandani. Hadi leo mafundi wa Ujerumani huiita sili yoyote ya aina hiyo Simmerring, kwa jina lake.

Mpira unapogeuka kuwa kama kioo

Mpira hunyumbuka kwa sababu molekuli zake ni minyororo mirefu inayoweza kujikunja na kujinyoosha. Halijoto inaposhuka, minyororo hiyo hupungukiwa na uhuru wa kusogea. Kwanza mpira huwa mgumu kama ngozi kavu. Baridi ikizidi, hukakamaa na kuvunjika mithili ya kioo. Kila aina ya mpira ina kiwango chake cha halijoto cha kufikia hali hiyo.

Ulimwengu ulilishuhudia jambo hilo kwa gharama ya maisha ya watu saba. Tarehe 28 Januari 1986, chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilirushwa kutoka Florida asubuhi yenye nyuzi 2 hivi za Selsiasi, baada ya usiku ulioshuka chini ya sifuri. Pete za mpira zilizoziba maungio ya roketi ya pembeni hazikuweza kujitanua kwa wakati. Gesi ya moto ilipenya, na sekunde 73 baada ya kuruka chombo kilisambaratika angani na kuwaua wote waliokuwamo. Wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi hizo walikuwa wametahadharisha usiku uliotangulia dhidi ya kurusha katika baridi ya namna hiyo.

Wiki mbili baadaye, mwanafizikia Richard Feynman, aliyekuwa mjumbe wa tume ya uchunguzi, alikibana kipande cha mpira wa aina hiyo na kukitumbukiza katika bilauri ya maji yenye barafu mbele ya kamera za televisheni. Alipokitoa na kukiachia, kilichelewa kurudi katika umbo lake. Hakuna maelezo marefu yaliyowahi kulieleza jambo hilo vizuri zaidi ya bilauri hiyo.

Mpira wa pete za Challenger ni wa jamii inayotumika pia katika sili nyingi za injini za magari ya sasa, yaani mpira wenye florini, unaofahamika sana kwa jina la biashara la Viton. Sifa yake kubwa ni kustahimili joto la takriban nyuzi 200 pamoja na kemikali za oili za kisasa. Udhaifu wake ni baridi: aina zake za kawaida huanza kupoteza unyumbufu karibu na nyuzi 20 chini ya sifuri.

Mpira wa nitrili, uliotawala katika magari ya zamani, hustahimili baridi zaidi, hadi kati ya nyuzi 30 na 40 chini ya sifuri, lakini joto la muda mrefu linalozidi nyuzi 100 huukausha na kuupasua. Mpira wa akriliki huvumilia joto la nyuzi 150 lakini hulegea kwenye baridi mapema kama ule wa florini. Silikoni ndiyo bingwa wa baridi, kwani hubaki laini hata kwenye nyuzi 50 chini ya sifuri. Kasoro yake ni wepesi wa kuchanika na kutopatana na baadhi ya oili. Watengenezaji wengi wameelekea kwenye sili zenye mdomo wa teflonI isiyo na springi, ambayo hufanya kazi katika baridi na joto kwa pamoja.

Mhandisi anayechagua sili, kwa hiyo, anachagua ni adui yupi amkabili. Injini za siku hizi hufanya kazi katika joto kubwa kuliko za zamani, na ndiyo maana wengi wao huchagua kulikabili joto.

Kuna jambo jingine la kifizikia linaloongeza mzigo. Mpira hunywea kwa baridi zaidi ya mara kumi kuliko chuma. Pete iliyobana vizuri kwenye tundu lake gereji ikiwa na joto huweza kulegea kidogo ukutani usiku wa baridi. Sili mpya huwa na akiba ya kutosha kufidia tofauti hiyo. Sili iliyopikwa na joto la injini kwa miaka kumi haina akiba hiyo, na ndiyo inayoacha doa la oili chini ya gari alfajiri, doa ambalo halionekani tena injini ikishapata moto.

Uvujaji wa aina hiyo, wa matone machache wakati wa kuwasha, ni kero kuliko hatari. Ni ishara kwamba sili imezeeka na ibadilishwe wakati mwingine giaboksi litakaposhushwa kwa kazi nyingine.

Oili nzito yalaumiwa bure

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba oili iliyoganda huongeza shinikizo ndani ya injini na kuisukuma sili itoke. Maelezo hayo yana ukweli nusu.

Ni kweli oili huwa nzito mno. Viwango vya kimataifa vya oili, vinavyosimamiwa na chama cha wahandisi cha SAE, huzipima oili za majira ya baridi katika halijoto maalumu. Oili ya 5W hupimwa uwezo wake wa kuiruhusu stata kuzungusha injini katika nyuzi 30 chini ya sifuri, na uwezo wake wa kuvutwa na pampu katika nyuzi 35 chini ya sifuri. Oili ya 20W hupimwa katika nyuzi 15 na 20 chini ya sifuri tu. Herufi W husimama badala ya neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi.

Maana yake ni kwamba oili ya 20W-50, inayopendwa sana na mafundi wa Afrika Mashariki kwa injini zilizochoka, ikitiwa katika gari la Winnipeg mwezi Januari inaweza isivutwe kabisa na pampu. Injini itawaka, kama itakubali kuwaka, na kuzunguka bila oili kwa sekunde nyingi.

Lakini sili za krenkishafti haziko upande wa pampu. Oili iliyopita kwenye beringi humwagika kwa uhuru na kurudi kwenye sampu. Inapoifikia sili haina tena shinikizo la pampu. Kinachoweza kupasuliwa na shinikizo la oili nzito ni mpira wa filta ya oili, hasa kama dereva anakanyaga mafuta mara tu baada ya kuwasha, au kama fundi aliufunga mpira mpya juu ya wa zamani uliobaki umenata. Oili iliyomwagika ghafla kutoka kwenye filta hupeperushwa na upepo hadi nyuma ya injini, na wapo waliowahi kushusha giaboksi bure kutafuta sili iliyokuwa nzima.

Mkosaji mkuu: maji

Kinachoing'oa sili ya nyuma na kumwaga lita nne za oili kwa mkupuo ni kitu ambacho dereva wa nchi za joto hana sababu ya kukijua: barafu katika bomba la kupumulia.

Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji, yakiwa katika umbo la mvuke. Sehemu kubwa hutokea kwenye ekzosi, na ndiyo ule moshi mweupe unaoonekana asubuhi ya baridi. Sehemu ndogo hupenya kando ya ringi za pistoni, pamoja na gesi nyingine za mwako, na kuingia katika tumbo la injini. Hakuna injini isiyopitisha gesi hizo. Hata iliyo mpya kabisa hupitisha lita kadhaa kwa dakika.

Gesi hizo zisipopewa njia, tumbo la injini hujaa mithili ya puto. Zamani ziliachiwa zitoke nje kupitia bomba lililoning'inia chini ya gari. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa msukumo wa jimbo la California lililokuwa likipambana na moshi mzito juu ya Los Angeles, watengenezaji wa Marekani walianza kuzirudisha gesi hizo katika njia ya hewa ya injini ili ziungue tena. Utaratibu huo, wenye vali ndogo na mabomba membamba, umo sasa karibu katika kila gari la petroli.

Mahali gesi hizo zinapokutana na hewa ya nje ndipo penye hatari. Zinatoka kwenye injini zikiwa na joto na unyevu, kisha zinaingia katika bomba la plastiki lililozungukwa na hewa ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Mvuke hugeuka maji, maji hugeuka barafu, na barafu hukua kutoka ukutani kuelekea katikati hadi tundu linapoziba. Katika injini nyingi tundu hilo lina kipenyo cha milimita chache tu.

Likishaziba, gesi huendelea kuzalishwa lakini hazina pa kwenda. Shinikizo hupanda na kutafuta pahali dhaifu. Wakati mwingine hukisukuma nje kijiti cha kupimia oili, na mwenye gari hushukuru kwa kupona kirahisi. Wakati mwingine huipenya gasketi ya kifuniko cha vali. Mara nyingi huiangukia sili ya mbele au ya nyuma ya krenkishafti, kwani sili hizo ziliundwa kuizuia oili inayorukaruka, si kuhimili msukumo wa gesi. Mdomo hupinduka kuelekea nje au pete nzima hung'oka, na oili hufuata.

Magari yanayoathirika zaidi ni ya aina mbili zinazoonekana kupingana. La kwanza ni la safari fupi: mzazi anayempeleka mtoto shule umbali wa kilomita tatu, anarudi nyumbani, anazima. Injini haipati joto la kuyakausha maji, na kila safari huongeza kidogo. La pili ni linalokwenda kasi kwa saa nyingi katika barabara kuu ya nyika, ambako upepo wa baridi hupuliza moja kwa moja kwenye mabomba huku injini ikizalisha gesi nyingi.

Dalili ya mapema huonekana chini ya kifuniko cha kujazia oili: uji mzito wa rangi ya maziwa yaliyochanganyika na manjano, ambao ni oili iliyovurugana na maji. Wapo wanaouona na kukimbilia kusema gasketi ya silinda hedi imeungua. Katika baridi, kama maji ya rejeta hayapungui, uji huo kwa kawaida ni unyevu tu wa safari fupi. Hata hivyo si wa kupuuzwa, kwa sababu kilichoko kwenye kifuniko kimo pia katika bomba la kupumulia.

Watengenezaji wakubwa wamepatwa na tatizo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, injini ndogo za petroli za Volkswagen zilizofungwa katika Polo, Lupo na Golf zilipata sifa mbaya nchini Ujerumani kwa kuganda mfumo wa kupumua na kupoteza oili, hata wamiliki wakazibandika jina la injini za barafu. Tiba mojawapo ilikuwa kufunga kipasha joto katika mfumo huo. General Motors nayo iliwaelekeza mafundi wake, kuhusu injini ya lita 2.4 iliyotumika katika Chevrolet Equinox na GMC Terrain za kuanzia mwaka 2010, kwamba uvujaji wa sili ya nyuma wakati wa baridi uchunguzwe kwanza katika tundu la kupumulia.

BMW ilikuwa na tatizo la namna hiyo katika injini zake za silinda sita, ikatoa mabomba yaliyovikwa sponji kwa ajili ya nchi za baridi, na katika injini zilizofuata ikaweka kipasha joto cha umeme kwenye vali ya kupumulia. Dawa hiyo ilizaa ugonjwa mwingine. Novemba 2017 kampuni hiyo iliyaita tena gereji takriban magari 740,000 nchini Marekani, ya miaka ya 2007 hadi 2011, kwa kuwa kipasha joto hicho kiliweza kupata shoti na kuwasha moto, hata gari likiwa limeegeshwa.

Kwa ndege ndogo za injini ya pistoni, suala hili ni la kufa na kupona. Bomba la kupumulia likiganda angani, sili ya mbele, iliyo nyuma ya pangaboi, huweza kung'oka na kuipaka oili kioo cha rubani huku injini ikielekea kukauka. Kwa sababu hiyo mabomba ya ndege hizo hutobolewa tundu la akiba juu kidogo, mahali palipo karibu na joto la injini, ili ncha ya chini ikiganda gesi zipate njia nyingine. Malori ya dizeli yenye bomba linaloning'inia hutobolewa vivyo hivyo na wenye uzoefu. Ni ufumbuzi usiogharimu chochote, na inashangaza kwamba haukuingizwa katika magari madogo mengi.

Wanavyokabiliana nayo

Katika miji ya nyanda za Canada, Alaska na nchi za Skandinavia, ni jambo la kawaida kuona waya wa umeme ukitokeza mbele ya gari. Ni wa kipasha joto cha injini, chenye nguvu ya wati 400 hivi, kinachochomekwa kwenye soketi ya maegesho saa chache kabla ya safari. Andrew Freeman wa Grand Forks, North Dakota, alipewa hataza ya kifaa cha namna hiyo mwaka 1949. Katika Yakutsk, Siberia, ambako wastani wa Januari hukaribia nyuzi 40 chini ya sifuri, madereva hufunika injini kwa mablanketi mazito, hukodi gereji zenye joto, au huacha injini ikinguruma mchana kutwa.

Kuacha injini ikinguruma, hata hivyo, si tiba ya maji. Injini iliyotulia huzalisha joto dogo mno kuikausha oili, huku ikiendelea kuzalisha mvuke. Inayokauka ni ile inayoendeshwa. Safari moja ya nusu saa au zaidi kila wiki, ambapo oili yenyewe hupata moto na si maji ya rejeta pekee, huondoa unyevu uliolundikana kwa siku kadhaa. Aidha, kadibodi au kifuniko maalumu mbele ya rejeta huzuia upepo usiyapige mabomba. Kiondolewe baridi inapopungua.

Oili nayo ichaguliwe kwa kufuata kitabu cha gari na si mazoea. Kwa baridi inayozidi nyuzi 30 chini ya sifuri, watengenezaji wengi huelekeza oili ya sintetiki ya 0W au 5W. Oili ibadilishwe kabla ya majira ya baridi, kwani tope la oili chakavu hupunguza kipenyo cha tundu la kupumulia na kuirahisishia barafu kazi.

Taa ya oili ikishawaka, gari lisimamishwe mahali salama na injini izimwe. Kisha kuna hatua ambayo mafundi wengi huiruka: bomba la kupumulia likaguliwe kabla gari halijaingizwa ndani ya gereji yenye joto. Barafu huyeyuka katika muda wa saa moja au mbili, na ushahidi hupotea. Fundi anayeanza kazi baada ya hapo huona sili iliyong'oka na mabomba yaliyo wazi, hufunga sili mpya, na kumrudishia mteja gari lenye ugonjwa wake.

Sili yenyewe ni ya bei ndogo. Kinachogharimu ni njia ya kuifikia: kushusha giaboksi, kuondoa klachi na flaiwili, kisha kuvirudisha vyote. Kwa gari la zamani, gharama ya kazi hiyo huweza kukaribia thamani ya gari, na ndiyo maana wengine hukimbilia dawa za chupa zinazodaiwa kuziba uvujaji. Dawa hizo hulainisha na kuvimbisha mpira uliokauka, na zinaweza kupunguza matone kwa muda. Haziwezi kuirudisha sili iliyotoka mahali pake.

Ufungaji nao una masharti. Uso wa shafti usafishwe na kukaguliwa kama umechimbwa mfereji na mdomo wa sili ya zamani. Ukichimbwa, hufungwa ala nyembamba ya chuma juu yake. Sili ya mpira hupakwa oili kidogo mdomoni kabla ya kufungwa. Ile ya tefloni hufungwa ikiwa kavu kabisa, na kuipaka oili kwa mazoea ya zamani ni kuiharibu kabla haijaanza kazi.

Hali ilivyo Afrika Mashariki

Hakuna barabara ya Afrika Mashariki yenye baridi ya kuigandisha sili. Katika Kitulo na Makete, kusini mwa Tanzania, sakitu hufunika majani alfajiri za Juni na Julai, na Nyandarua nchini Kenya hali huwa hivyohivyo katika miezi yake ya baridi. Lakini halijoto iliyo karibu na sifuri bado iko mbali na kiwango cha kuukakamaza mpira wowote unaotumika katika injini, na haidumu kiasi cha kuziba bomba kwa barafu.

Sili za huku huuawa na joto na umri. Magari mengi huwasili Dar es Salaam na Mombasa yakiwa yametumika Japan kwa miaka kadhaa. Kenya huruhusu yasiyozidi miaka minane, na Tanzania huyatoza kodi zaidi yaliyo makuukuu. Baada ya hapo huendeshwa kwa miaka mingine kumi au zaidi, kwenye foleni ndefu, mara nyingi kwa oili iliyopitiliza muda wake.

Bomba la kupumulia hata hivyo huziba huku pia, kwa tope jeusi la oili badala ya barafu. Matokeo hayana tofauti: shinikizo hupanda na sili husukumwa, ingawa polepole zaidi. Fundi anayebadilisha sili ya nyuma kwa mara ya pili katika mwaka mmoja anapaswa kuitazama vali hiyo, ambayo katika magari mengi hung'olewa kwa spana moja na kusafishwa kwa dakika chache.

Kipimo chake ni rahisi. Injini ikiwa inanguruma taratibu, kifuniko cha kujazia oili hufunguliwa na kipande cha karatasi huwekwa juu ya tundu. Kwa magari mengi ya petroli, karatasi ikivutwa kidogo kuelekea ndani, mfumo unapumua. Ikirushwa juu, ama njia ya kupumulia imeziba, ama ringi za pistoni zimekwisha.